Nani Alimfungulia Anselmi?

Dutwa,
14 Januari 2024

Masunga,

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili usije ukasoma salamu ukadhani mambo ni mazuri, ukaikunja barua ukaitia mfukoni. Huna adabu, na ungekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko, hiyo miaka yako ishirini na miwili nisingeitazama.

Sasa salamu. Mwangaluka. Sisi huku tupo. Mvua ya mwaka mpya ilinyesha siku nne halafu ikakaa kimya. Pamba imeota, ya upande wa kisima ni nzuri kuliko ya barabarani. Baba yako Novatus amesharudi Maswa kwenye kinu cha pamba. Anasema mashine hazina kazi mpaka msimu, lakini wanaitwa kuzipaka grisi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mguu wangu unauma, na usiniletee tena dawa ya kuchua, ile ya Krismasi nimempa jirani.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Simu ya baba yako siitaki, akiipokea anaiweka sauti kubwa mpaka kuku wanasikia. Nilisoma darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga, lakini herufi hazikunitoka. Barua nampa kondakta wa basi. Majibu yaache kwa mwenye duka la mbegu hapa senta, atanipa.

Neno lenyewe ni hili. Ulikuja Krismasi na kompyuta yako. Nikakuambia kelele za bunduki ndani ya nyumba yangu sizitaki. Ukaenda kuifungulia kwa babu yako, kule kibandani kwake kando ya zizi. Siku nne mmekaa huko wewe na yeye, Guku wako Mihayo. Nikileta chakula namkuta mzee wa miaka sabini na moja amekodoa macho, kwenye kioo mikono miwili imeshika bunduki, watu wanaanguka kama mabua. Nikasema ni utoto, utaisha. Wewe ukapanda basi ukaondoka.

Tangu umeondoka babu yako hali. Matonge mawili, anasukuma sahani. Anakaa nje ya kibanda anatazama njia inayotoka barabarani. Kila asubuhi nikipeleka uji ananiuliza neno moja: "Kwandu, amefika?" Nikamuuliza nani. Akasema, "Yule askari." Nikamwambia hakuna askari anayekuja hapa, labda wa kukukamata kwa uvivu. Hakucheka.

Huyu mtu haniulizi kitu, unanielewa? Maneno yetu mimi na yeye ni chakula hiki hapa, sahani hii hapa, ndama anaharisha. Leo siku ya kumi na saba mfululizo ananiuliza.

Niandikie huyo askari ni nani, anatoka wapi, anakwenda kwa nani. Uniambie na lini anafika, nimjibu mzee apate kula.

Bibi yako,
Kwandu


Dodoma,
3 Februari 2024

Shikamoo Bibi, mke wangu mkubwa,

Barua nimeipata na mwiko nimeusikia mpaka huku. Nisamehe. Mimi ni mzima, chuo kimefunguliwa, tumebanwa na masomo. Maji hostelini ni ya mgawo, tunaoga kwa zamu kama ng'ombe kwenye josho. Mwenzangu wa chumba, Method, anakusalimia. Michembe uliyonifungia amekula yeye karibu yote, anasema hajawahi kuona viazi vikavu vitamu namna ile.

Kuhusu huyo askari. Usiogope, si mtu wa kweli. Ni wa kwenye gemu. Jina lake ni la kizungu, Guku akalitamka Anselmi, na sisi sasa tunamwita hivyo.

Bibi, ulichokiona ulipoleta chakula ni sehemu ya mwanzo. Watu wengi wanadhani raha ya gemu lile ni kuua. Vita yenyewe inaisha gemu likiwa halijafika hata nusu. Kilichobaki ni Anselmi kurudi kwao kwa miguu. Sura yake huioni. Unaona mikono yake tu, na kila anachokiona yeye. Akichoka, pumzi unayoisikia ni kama yako. Ukitazama chini unaona buti zake zimepasuka. Ni hadithi kama ya kitabu, ila hadithi haisogei mpaka wewe usogee. Ukisimama, na yeye anasimama, mvua inamnyeshea. Ndiyo maana mtu hawezi kuinuka. Unajisikia kwamba ukienda kula, umemwacha mtu porini.

Guku hakupiga risasi hata moja. Nilimpa kipanya akakataa kukigusa. Alikuwa ananielekeza. "Lala hapo. Usipite kwenye nyasi zilizolala, kuna mtu amepita. Ngoja wale ndege watue kwanza." Bibi, hakukosea hata mara moja. Kuna daraja ambalo mimi na Method tulishafia mara tisa. Guku alinivusha mara ya kwanza tu.

Sikujua kama alipigana kule Uganda. Baba alisema alikuwa mgambo, akilinda maghala. Guku aliniambia mambo kidogo kuhusu wakati ule, lakini hayo ni yake.

Likizo iliisha Anselmi akiwa ameanza kuliona paa la nyumba yake. Gemu halikuisha. Mwambie Guku bado yuko njiani, amekaribia. Nikipata nafasi nitalimaliza, nitakuandikia.

Mjukuu wako,
Masunga


Dutwa,
10 Machi 2024

Masunga,

Salamu. Mvua imerudi, imerudi kwa hasira, imebeba mbegu za jirani mpaka shambani kwangu na sasa anataka nimrudishie mche mmoja mmoja. Nimemwambia aje azitambue kwa sura. Funza wameingia kwenye vitumba vya pamba. Huyo Method wako mwambie michembe si karanga za kutafuna njiani, inapikwa.

Guku alilazwa Bariadi siku tatu. Mapafu yamejaa maji. Daktari ni msichana mdogo lakini ana adabu kukuzidi. Amesema mzee asilale kwenye baridi. Nikatazama pembeni. Tumemrudisha, amelala pale pale kando ya zizi, Novatus ameziba upepo kwa maturubai.

Na usiniulize kwa nini analala huko. Kila mtu wa nyumba hii amekua akiona hivyo. Mzee anapenda ng'ombe wake. Basi.

Sasa nisikilize. Nilichoka kuulizwa. Nikamwambia, "Mihayo, amefika. Amefika jana, amekula ugali wa mtama na mlenda, amelala." Nilidhani atafurahi. Akaweka kikombe chini taratibu, akaniuliza, "Nani alimfungulia?" Nikasema mkewe, nani tena? Akasema, "Alifungua mwenyewe, au walimwambia afungue?"

Nimekaa na wanaume wa kila namna, walevi, wabishi, wezi wa ng'ombe, hakuna aliyewahi kunikosesha jibu. Hilo nilikosa. Akajua nadanganya. Akageukia ukuta, na uji ukapoa.

Wewe umemtia mzee mtu kichwani, halafu umemwacha nje na nyumba anaiona. Ni kazi gani hiyo? Mwanaume anamaliza anachokianza. Limalize hilo gemu lako. Nataka nijue nani alifungua, alifungua vipi, alisema nini. Neno kwa neno. Nikimwambia tena nimwambie kweli.

Na hayo mambo "ni yake" aliyokuambia, niandikie. Mimi ni mke wake miaka arobaini na tisa. Cha kwake ambacho si changu ni kipi?

Kwandu


Dodoma,
21 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Pole kwa kuuguza, na poleni kwa funza. Natumaini Pasaka ilipita salama. Mimi niliila kwa mkate na chai, tulikuwa na majaribio.

Nimechelewa kujibu. Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa ya Machi na imekaa chini ya mto wangu mwezi mzima. Kila nikishika kalamu naona heri nisome.

Bibi, nilikudanganya, na Guku nilimdanganya. Gemu lile nilikuwa nimeshalimaliza kabla sijaja Krismasi. Mwisho wake naujua. Tulipofika pale paa linapoonekana nikazima, nikasema betri imekwisha. Nilimwona Guku anavyolitazama lile paa, nikashindwa.

Mwisho wake ni hivi. Anselmi anafika kwake mchana. Nyumba ni ya mbao, ina ngazi mbili mbele. Ukisogea karibu unasikia mtu anafagia ndani. Unabisha hodi. Ufagio unanyamaza. Unabisha tena. Hakuna anayekuja. Mlango haufunguki. Bunduki ulishaiacha njiani, mlango huwezi kuuvunja, dirishani huwezi kupita. Kitu pekee gemu linachokuruhusu ni kukaa kwenye ngazi. Ukikaa, unaiona barabara uliyokuja nayo, halafu majina ya waliotengeneza yanapita, basi.

Wenzangu wengine walitukana siku ya kwanza. Lakini wote wamelirudia. Wapo wanaosema kuna namna ya kufanya mlango ufunguke. Labda usimpige yule mtu wa mwanzo anayekimbia. Labda uiache bunduki mtoni, usiifikishe mlimani. Hakuna aliyeipata. Mimi nimelirudia mara kumi na moja. Nikiwa darasani nafikiria ni wapi nilipokosea mpaka yule mwanamke akanyamazisha ufagio. Ndicho kinachotushika, Bibi, si bunduki.

Umesema nikuandikie aliyoniambia Guku. Aliniambia siku ile ya mwisho, akimtazama Anselmi anavyotembea. Alisema, "Mimi nilifika hivi hivi, saa kumi alasiri, nikasikia komeo." Nikamuuliza komeo la nini. Akasema, "La mlango wangu. Nalisikia mpaka leo ng'ombe wakigusa boriti." Hakusema nani alilifunga. Hakulaumu mtu. Alisema tu nipandishe sauti ya gemu.

Sijamwambia mtu mwingine. Sikuulizi kitu.

Masunga


Dutwa,
26 Mei 2024

Mjukuu wangu,

Mwangaluka. Tumeanza kuvuna. Pamba ya kisimani nyeupe mpaka inaumiza macho, ya barabarani imechoka. Baba yako yuko kinuni haonekani. Guku hatembei bila fimbo sasa, na akikohoa anashika ubavu.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia kwenye debe la unga. Nikakaa nayo humo wiki tatu. Leo nimetoka kanisani nikaitoa, ina unga, nikaifuta nikaisoma tena.

Hukuuliza. Nakuambia hivyo hivyo, kwa sababu wewe mwenyewe umekubali kuwa mwongo na mimi sitashindwa na mtoto.

Mwaka 1979, msimu wa pamba kama sasa. Mtu alikuja na baiskeli akasema mgambo wa Dutwa wameshushwa Bariadi, na Mihayo yumo, mzima. Mkwe wangu mzee Mboje, baba yake Guku, akaanza kutengeneza mambo. Kwao, mwanaume aliyemwaga damu ya watu haingii nyumbani kwake hivi hivi. Anasimama nje. Mkewe anatoka na kata ya maji yenye majani wanayoyajua wao, anammiminia mikononi, maji yaanguke chini, hakuna anayesema neno. Kisha mke anarudi ndani anafunga. Mume anabisha. Mke anafungua, anamwita kwa jina lake. Kwisha. Maji na jina. Hapakuwa na uchawi wa kumtisha mtu.

Mimi nilikuwa nimebatizwa Pasaka ile. Nikamwambia mzee Mboje kwamba katekista amenikataza mambo ya kipagani. Mzee akanitazama, hakubishana. Alasiri Guku akaja. Nilimsikia anakohoa uani, nikasukuma komeo. Akabisha mara tatu. Nikasema kwa ndani, "Nenda kwa baba yako, mimi ni Mkristo." Akaenda.

Sasa nakuambia ambalo sikumwambia hata padre. Katekista hakunikataza. Sikumuuliza. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango nikaona mikono ya Mihayo. Mwili wake umetulia kama wa mtu aliyesimama kanisani, mikono inatetemeka peke yake, kama si yake. Mikono ile ilikuwa imefanya nini? Mgongoni nilikuwa na baba yako, wa miaka miwili. Niliiogopa mikono. Huo ndio Ukristo wangu wa siku ile.

Nikasema nitafungua kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Mzee Mboje akafa. Guku akajijengea kibanda, akasema ng'ombe wanahitaji mlinzi, na mimi nikawaambia watu hivyo hivyo. Wanawake wakaniuliza kwa nini nina mtoto mmoja, nikawaambia Mungu hagawi sawa. Watu wananisifu kanisani kwa msimamo. Hakuna siku niliyokosa kumpelekea chakula. Hakuna hata siku moja, andika hilo kichwani mwako.

Huyo mwanamke wa kwenye gemu usimtafutie sababu kwenye bunduki wala mtoni. Huyo Anselmi wako hakukosea popote.

Aliye hai anayeyajua yale majani ni Nyanjige, dada yake Guku, yuko Zagayu. Mimi ni mzee wa kanisa sasa, nakaa benchi la mbele. Nitamwendea vipi?

Usinijibu hilo. Soma masomo yako.

Kwandu


Dodoma,
9 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Samahani, najibu ulichosema nisijibu. Habari za huku ni mitihani tu, inaanza kesho, inakwisha tarehe ishirini na nane.

Nenda kwa bibi Nyanjige. Kama ni aibu ya benchi la mbele, kaa la nyuma. Nenda wiki hii, usingoje pamba iishe. Mimi siwezi kuondoka sasa, nikikosa mitihani narudia mwaka.

Nilitamani kukukasirikia. Nilikaa kitandani nikajaribu, Method akaniuliza nina homa. Halafu nikakumbuka nimekuwa nje ya ule mlango mara kumi na moja, na hata mara moja sikuwahi kumfikiria aliye ndani kwamba anaogopa.

Usimwambie Guku mwisho wa Anselmi. Akikuuliza, mwambie tunasubiri.

Masunga


Dutwa,
14 Julai 2024

Masunga,

Hukuja kuzika. Baba yako alikupigia siku ile ile, ukapokea, ukasema "sawa", ukazima. Nimeambiwa. Watu wametoka Maswa, wametoka Itilima kwa baiskeli, mjukuu wa pekee hayupo. Nilisema ana mitihani. Nimekutetea mbele za watu, lakini hapa tuko wawili na sikutetei.

Salamu. Tumebaki wazima, waliobaki. Barua yako ya Juni ilinifika siku ya tatu baada ya mazishi. Mwenye duka aliiweka chini ya mizani akaisahau. Alipiga magoti kuomba radhi, nikamwambia ainuke asichafue suruali. Lakini ujue, sikuhitaji barua yako. Nilikwenda Zagayu kwa miguu yangu na kwa pikipiki ya mtu, tarehe kumi na saba, kabla sijasoma neno lako hata moja.

Nyanjige amebaki mifupa na ulimi. Aliniacha nimesimama juani, akaendelea kupepeta mtama. "Umekuja kuniambia amekufa?" Nikasema hapana. "Basi umekuja kufanya nini, mke wa kanisa?" Nikamwambia nimekuja kuomba majani. Akapepeta ungo mzima mpaka ukaisha. Akasema, "Miaka arobaini na mitano, Kwandu. Hata tembo angekuwa ameshazaa akasahau." Kisha akaingia ndani akatoka na kikapu na kanga yake nzuri, akapanda ile pikipiki mbele yangu.

Tulifanya tarehe ishirini, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Novatus alimsaidia Guku kutoka kibandani mpaka mbele ya nyumba, Nyanjige akamwambia aondoke. Guku akasimama na fimbo. Nikatoka na kata. Aliona kata akajua. Macho yake yalijua kabla yake. Akaiacha fimbo ianguke, akanyoosha mikono yote miwili. Masunga, haitetemeki. Ni mikono ya mzee, ina sugu za kamba za ng'ombe. Nimekuwa nikiipa sahani miaka yote bila kuitazama. Nikamimina. Maji yakaanguka chini. Hatukusema neno, ndivyo inavyotakiwa.

Nyanjige akaninong'oneza, "Ingia, funga, usifungue mpaka abishe. Safari hii ufanye kama inavyotakiwa." Nikaingia. Nikafunga. Nikasimama nimeshika komeo.

Nikasubiri abishe.

Nilisema moyoni, anapumua, mwache apumue. Nikasema, anatafuta fimbo yake. Nilikuwa nimelitayarisha jina lake mdomoni, nimevaa gauni la Pasaka. Kwa nini nisingefungua tu? Nani angenishtaki? Lakini mara ya kwanza niliharibu, nikataka hii iwe kamili, isikose hata kitu kimoja. Nyanjige naye amesimama pale nje kando anangoja, hasemi, kwa sababu haruhusiwi kusema. Wanawake wawili wazee tunaheshimu utaratibu, na mtu hana nguvu ya kuinua mkono.

Nilipofungua alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, anatazama njia. Nikamwita, "Mihayo." Hakugeuka. Nikazunguka mbele yake. Yu hai, anapumua, macho yako mahali pengine. Nikamwita tena. Novatus alikuja mbio tukamwinua, tukamlaza kitandani kwangu. Alikaa siku mbili, hakufumbua macho, tarehe ishirini na mbili saa tano asubuhi akaondoka.

Watu wa kanisa wamenipa pole, wanasema angalau amefia ndani kwake, kitandani kwa mkewe. Nimewajibu asanteni. Lakini wewe nakuambia: aliingizwa. Hakuingia. Mimi hilo sitalihesabu, na usije ukalihesabu kwa ajili ya kunifariji.

Nyanjige amerudi kwake. Alipoondoka alisema, "Alikusikia." Sijui kama ni kweli au ni huruma. Yule mwanamke hana huruma, labda ni kweli.

Sasa yatakayofanyika. Mitihani yako imekwisha, nimehesabu siku. Panda basi la Jumatano, Alhamisi uwe hapa. Ukifika uende kwanza kaburini, uombe radhi kwa kutokuja, kwa sauti, si kwa kunong'ona. Kibanda cha zizini usikivunje, baba yako amekuwa na haraka ya mbao zile na nimemkatalia.

Halafu uje na kompyuta. Utaifungulia ndani, mezani kwangu, na sauti uipandishe, wenye kusikia wasikie. Utanikalisha mbele yake, utanipa hicho kipanya nikishike mwenyewe, na utanianzishia pale paa linapoonekana. Usinionyeshe njia, nitaiona. Akifika kwenye ngazi usizime, usiseme betri, usinishike bega. Miaka yote nimeujua mlango ule kwa ndani. Nataka nibishe mimi, nisikie huo ufagio unavyonyamaza, nikae kama alivyokaa Guku kizingitini, mpaka majina ya hao watu yaishe kupita.

Uijaze chaji kabla hujapanda basi. Umeme wa Dutwa unakatika, na sitaki ukatike katikati.

Bibi yako,
Kwandu